Neno Ridhaa

Siku ya kwanza Bi Kidawa hakunipa funguo wala namba za wateja.
Alinipa daftari la kaunta
akaniketisha nje ya kibanda cha wakala wa pesa, Segerea,
akasema: andika.

Andika kwanza kwamba hakuna anayeuza ardhi.
Nikainua kalamu. Na sisi je, tunauza nini?
Ardhi ni ya umma, mwanangu, Rais kaishika kama amana.
Mtu anauza haki ya kukaa juu yake,
miaka thelathini na mitatu, sitini na sita, tisini na tisa,
pamoja na matofali yake.
Dar nzima hii ni wapangaji wenye maringo.

Andika hati. Ruka mstari.
Ndipo uandike ofa, ndipo leseni ya makazi,
ndipo karatasi ya mjumbe yenye muhuri uliofifia.
Usiipandishe cheo hiyo ya mwisho.
Inasema tu kwamba watu walikaa, wakahesabiana noti, wakanywa soda.
Haiwi hati hata ukiitia plastiki.

Andika upekuzi.
Unakwenda ofisi ya ardhi, unalipa, unadai risiti,
unauliza kiwanja kimebeba nani mgongoni:
benki na rehani yake?
shangazi aliyeweka zuio tangu matanga ya baba?
Kiwanja kitakuwa kitupu machoni
na jaladani wamejaa watu.

Na bikoni?
Jiwe la mpaka halina miguu, akasema,
lakini Goba nimeyaona yaliyotembea usiku.
Na ukuta uliopakwa rangi mpya upande wa barabara tu,
ukwangue kwa kucha.
Chini yake huenda ukaikuta X nyekundu.

Jumamosi tukaenda Kinyerezi.
Nyumba ya Bwana Mkwawira: vyumba vitatu, kisima, mpera,
milioni tisini, maongezi yapo.
Hati halisi, upekuzi safi, kodi ya ardhi imelipwa.
Mnunuzi katoka Geita na haraka zake,
wakili yuko njiani, amekwama Tabata.
Kichwani nilishapiga hesabu:
asilimia tano, fungu langu humo laki tisa.
Nilishanunua friji. Nilishalipa deni la Mangi.

Mama mwenye nyumba akaleta maji kwenye trei.
Bi Kidawa akapokea glasi, akashukuru,
akauliza kama anayeulizia bei ya nyanya:
Mama, mkishauza mnahamia wapi?

Trei haikuanguka.
Aliishusha mezani taratibu, akainyoosha iwe sawa na kitambaa.
Tukishauza nini?

Bwana Mkwawira akacheka peke yake.
Jina kwenye hati ni langu, akasema, langu tu, someni.
Tumesoma, Bi Kidawa akamjibu.
Jina ni lako. Nyumba ni ya ndoa.
Bila ridhaa yake kwa maandishi, mimi sina cha kuuza,
na huyu wa Geita hana cha kununua.

Nikaziona laki tisa zangu zikisimama,
zikivaa viatu mlangoni,
zikiaga.

Tukashuka kwa miguu, vumbi hadi magotini.
Nilinuna mpaka kona ya gereji, kisha nikamuuliza
kwa nini hakusema ridhaa tangu mwanzo, akamzungusha mama wa watu na habari za kuhama.
Akasimama kutoa kijiwe kwenye kandambili.
Neno ridhaa ukilitaja mapema, mume hulijibu yeye.

Mwezi haujaisha nikapita tena njia ile na mteja mwingine.
Ukutani, kwa mkono usiozoea brashi,
herufi zikipanda mlima kadiri zinavyokwenda:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Na chini yake namba ya simu.
Ya Bwana Mkwawira ninayo. Hii siyo.

Nikamwomba mteja anisubiri,
nikafungua daftari,
nikainakili.